Mke kwa Viza ya Utalii

Kosa letu siku ile lilikuwa moja tu: hakuna aliyemweleza mama mkwe kile anachokuja kutafuta afisa wa uhamiaji.

Aliambiwa, "Mama, kesho kuna mtu wa serikali anakuja kukagua nyumba," basi. Na mwanamke aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, ukishamtajia ukaguzi, huna haja ya kuongeza neno. Alianza kabla jua halijachomoza. Mapazia yalishushwa yakafuliwa. Sufuria zilisuguliwa mpaka nikazionea huruma. Wifi yangu, binti wa chuo ambaye siku za mapumziko huamka wenzake wakila chakula cha mchana, alivutwa mguu akatua sakafuni pamoja na blanketi lake.

"Mama, si umeambiwa anakuja saa tisa?"

"Wakaguzi husema saa tisa wakaja saa nne. Nawajua mimi. Amka utandike!"

Mimi nilikuwa napiga deki na kimya changu. Nilijua afisa anakuja kuangalia nini, na mume wangu alijua. Tatizo ni kwamba mimi nilidhani yeye ameshazungumza na mama yake, na yeye, kama kawaida yake, alidhani mambo yatajisema yenyewe.

Ngoja nieleze. Mimi ni nesi, na mume wangu ni fundi wa lifti. Kampuni yake ilimleta nchini kwetu kufunga lifti mpya katika hospitali niliyokuwa nafanya kazi, na bahati yangu nikawa mtu wa kwanza kukwama ndani yake. Alinibembeleza kupitia upenyo wa mlango kwa muda mrefu, nami nikamrushia kila neno baya nililowahi kulisikia wodini. Mlango ulipofunguka hatimaye, aliniangalia usoni, akacheka, akasema, "Dada, ulimi wako huo ni sindano." Jina likanasa. Mpaka leo ananiita Sindano, nami namwita Fundi. Mwaka haukuisha tukafunga ndoa ya serikali, mkataba wake ukaisha, akarudi kwao, nami nikamfuata.

Nilimfuata kwa viza ya utalii, maana ndiyo iliyotoka upesi. Tuliambiwa niingie nayo, kisha niombe kibali cha ukaazi nikiwa humu humu ndani. Viza ilikuwa ya miezi mitatu, tukaiongeza mara moja, na mara ya pili haipo. Mtalii gani mimi, ambaye kivutio pekee nilichokiona katika nchi hii ni dirisha namba sita la ofisi ya uhamiaji? Kufanya kazi siruhusiwi. Hata kujitolea siruhusiwi. Nesi mzima nimekaa nyumbani nampima mama mkwe presha kila siku alasiri, ndiyo wodi yangu.

Na juu ya yote hayo, mume wangu simpati. Siku niliyofika, mama mkwe alinipokea kwa kunikumbatia, akanipa taulo jipya, akanionyesha kitanda cha dirishani katika chumba cha wifi yangu. "Utalala hapa, mwanangu, mpaka wazazi wako waje tukae nao kama watu." Chumba cha mume wangu kipo mwisho wa ukumbi. Chumba cha mama mkwe kipo katikati. Na mama mkwe, akisikia kitasa kinanyongwa, anakohoa.

Basi afisa akaja, saa tisa kamili. Mwanamume mwembamba, amebanwa na mafua, leso mkononi. Mama mkwe alimpokea mlangoni amevaa gauni lake la kazi la zamani, shada la funguo kiunoni.

"Karibu sana, baba. Tuanzie wapi? Jikoni au vyumbani?"

"Vyumbani, mama, kama hutajali."

"Umesema kweli. Nyumba inajulikana vyumbani."

Roho ikanipaa. Nilimtupia mume wangu jicho. Yeye akaangalia viatu vyake.

Mama mkwe alifungua mlango wa mwisho wa ukumbi kwa madaha. "Hiki ni cha mwanangu. Analala peke yake."

"Peke yake?"

"Peke yake, baba. Fungua kabati, usione haya."

Afisa akafungua. Ovaroli mbili, buti za kazi, tai moja ya siku ya harusi. Hakukuwa na hata kibanio cha nywele. Akachungulia chini ya kitanda chembamba cha mtu mmoja, akapenga kamasi, akaandika kitu.

"Na huku," mama mkwe aliendelea, akituongoza sote kama wageni rasmi, "wanalala mabinti. Kile ni cha binti yangu. Hiki cha dirishani ni cha mkwe wangu. Tangu amefika hajalala kwingine hata siku moja. Mimi mwenyewe napita kuhakikisha."

Alisema maneno hayo kwa fahari ya mtu anayepokea zawadi jukwaani. Wifi yangu aliuma mdomo ili asicheke, kisha akaniona uso wangu, kicheko kikamkauka. Mimi nilimfinya mume wangu mkononi. Sema. Sema sasa hivi.

Afisa akamgeukia. "Bwana, ni kweli mkeo analala hapa?"

Mume wangu alimtazama mama yake. Sikosei, nilikuwa namwangalia yeye tu. Nililiona neno likipanda kooni, nikaliona likishuka. Akakohoa.

"Eeh... kwa sasa... ndivyo mama alivyopanga."

Afisa akaandika tena, safari hii maneno mengi. Alipokuwa anaaga, mama mkwe alimshika mkono. "Umeona uchafu wowote, baba?"

"Hapana, mama. Nyumba yako ni safi kupita kiasi."

Mlango ulipofungwa mama mkwe alipiga makofi. "Tumepita!"

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ya bomba, nikalia mpaka nikaishiwa.

*

Kesho yake asubuhi, Jumatano, tuliitwa dirisha namba sita. Alikuwa yule yule wa mafua.

"Ombi lenu ni la mke wa raia," alisema. "Nyumbani nimemkuta mke wa raia analala na wifi yake."

"Ni taratibu za nyumbani tu, mheshimiwa," nilisema. Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu anapekua mfuko wa shati, hata sijui alikuwa anatafuta nini.

"Sizikatai. Lakini mimi nathibitisha vipi kwamba mnaishi mume na mke? Cheti mnacho, sawa. Vyeti tunaviona vingi hapa."

"Mama yake anasubiri wazazi wangu waje."

"Si waje?"

"Mmewanyima viza. Mara mbili."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hawana ndugu mkaazi wa kuwapokea. Mimi ni mtalii."

Akafikiri. "Basi wewe ukipata ukaazi, nao watapata."

"Na ukaazi nitaupata nikihamia chumba cha mume wangu?"

"Hapo umenena."

"Na chumba cha mume wangu nitahamia wazazi wangu wakija."

Afisa alinitazama mimi, akamtazama mume wangu kwa muda. "Dada," alisema taratibu, "hilo la mwisho si la serikali."

Watu nyuma yetu wakacheka. Masikio ya mume wangu yakawaka, na mimi nilifurahi yawake.

Afisa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilitaka wa kumlaumu. Alieleza bila ukali. Ombi halijakataliwa. Atakuja tena kukagua, na safari hii hatasema lini. Ila viza yangu inaisha Ijumaa, na ni lazima niwe nimetoka.

"Akivuka mpaka Ijumaa, akarudi Jumamosi?" mume wangu aliuliza. Hatimaye alipata sauti.

"Hiyo ilikuwa zamani, bwana. Siku hizi mtalii akimaliza muda wake anakaa nje nusu mwaka kabla hajaingia tena. Labda kibali kitoke kabla. Na msijaribu kupitiliza. Ukipitiliza hata siku moja, dada, ombi linafutwa, na kuingia tena usahau kwa miaka."

"Na nikiwa nje, ukija kukagua utamkuta nani?"

"Nakagua nyumba. Mtu akiishi mahali, panaonyesha."

Niligeuka niondoke, kisha kazi yangu ikanishinda nguvu. "Hayo mafua yako, jifukize kwa maji ya moto jioni. Yakifika kifuani yatakusumbua."

"Ahsante. Kumbe daktari?"

"Nesi," nikasema. "Ila hapa ni mtalii."

*

Kuna mahali pamoja tu katika nchi nzima ambapo mimi na mume wangu tulikuwa peke yetu: chumba cha mashine ya lifti, juu kabisa ya jengo la maofisi analolihudumia. Kelele, harufu ya grisi, nyaya nene za chuma zinashuka gizani. Kwa miezi yote hiyo, saa yake ya mapumziko, mimi na kikapu cha chai tulikuwa tunapanda huko tukae juu ya sanduku lake la vifaa, mabega yamegusana, kama watoto wa shule waliotoroka vipindi. Watu wazima, na cheti cha ndoa.

Mchana ule wa Jumatano sikukaa. Nilisimama.

"Sindano, usinitazame hivyo."

"Nikutazame vipi?"

"Sikiliza. Nimewaza njia nzima." Alinishika mikono. Vidole vyake vina makovu madogo ya nyaya, nayajua yote. "Baki."

"Nibaki vipi?"

"Baki tu. Ijumaa ikipita nani atajua? Utakaa ndani, hutoki hata dukani. Mimi nitaongea na mama polepole, nitamtafutia siku nzuri. Mambo yakikaa sawa, tunarudi kwa afisa tunaomba msamaha."

Nilitoa mikono yangu. "Ngoja nikuelewe. Unataka nijifiche."

"Kidogo tu."

"Fundi, uko tayari nivunje sheria ya nchi yako, lakini hauko tayari kuvunja ya mama yako?"

Aliinama. "Wewe humjui mama. Baba alipofariki alibaki peke yake na sisi wawili, na mabinti mia mbili wa watu. Neno lake ndilo lililotuvusha. Sijawahi kulirudisha."

"Sikukuomba umtukane. Uliulizwa swali moja dogo. Mkeo analala wapi? Ungesema, 'Huyu ni mke wangu, na mahali pake ni kwangu.' Ungekufa?"

Mota ikaunguruma, gurudumu likazunguka, nyaya zikatetemeka.

"Ghorofa ya tatu," alisema kwa mazoea. "Mtu ameita."

Nusura nicheke, nusura nimzabe kofi. Mtu akibonyeza kitufe ghorofa ya tatu anamsikia. Mimi nabonyeza tangu nilipofika.

"Niliacha kazi yangu kwa ajili yako," nilisema. "Baba yangu aliniambia olewa karibu, sikumsikiliza. Nimekaa kwenu kama mwanafunzi wa bweni, naomba ruhusa ya kwenda kuoga. Nimeyameza yote. Jana ulinitema mbele ya mtu wa serikali kwa kikohozi kimoja."

"Nakupenda, Sindano. Unajua nakupenda."

"Najua. Unanipenda huku juu na mashine zako. Mimi nataka unipende sebuleni."

Machozi yalimlengalenga. Alinyoosha mkono anishike shavu, na laiti angenigusa ningevunjika, nisingeondoka. Nikarudi nyuma. Nikachukua kikapu changu, chai ikiwa haijafunguliwa, nikateremka kwa ngazi ghorofa zote. Lifti yake sikuitaka.

*

Alasiri ile mama mkwe alinikuta nakunja nguo. Alikuwa ameshika mashine ya presha, maana saa yake ilikuwa imefika.

"Leo hunipimi?"

Nikampima. Ilikuwa juu. Nikapima tena, juu vile vile.

"Nani amekuudhi, Mama?"

"Aniudhi nani, mtu niliyepita ukaguzi? Labda ni haya mapazia, yamenitoa jasho." Akaliona sanduku. "Na wewe unasafiri?"

Hapo nikapasuka. Sikupanga. Nilimweleza yote, huku nimeshika mkono wake wenye mkanda wa presha: kwamba afisa hakuja kutafuta usafi, alikuja kutafuta kitanda kimoja cha watu wawili. Kwamba kila alichoonyesha kwa fahari ndicho kilichotuangusha. Kwamba Ijumaa natoka, na nikitoka sijui narudi lini.

Mama mkwe aliketi kitandani mwangu, juu ya shuka aliyoikaza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakujali kuikunja.

"Alikuja kutafuta kitanda kimoja?"

"Ndiyo, Mama."

"Mtu mzima na akili zake, analipwa mshahara, anatafuta vitanda vya watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mwanangu alijua?"

Niliinamia mkanda wa presha. Hakuhitaji jibu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kabisa.

"Mama yako hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba ni yeye aliyeniomba." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Siku ile unapanda ndege alinipigia simu analia. Akasema, mama mwenzangu, nakukabidhi binti yangu, umlaze na binti yako mpaka nije nimkabidhi mwenyewe kwa mumewe. Nikamwambia nimepokea. Mwanangu, nimekabidhiwa mabinti wa watu zaidi ya miaka thelathini. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kuniuliza mbona hukufanya nilivyokuomba. Hakuna."

Miezi yote hiyo nilikuwa nimemchukia mama wa mtu kwa ajili ya maneno ya mama yangu!

Nikapiga simu pale pale, nikaweka sauti ya juu. Mama yangu alipokea kwa vigelegele, akidhani kibali kimetoka. Nilipomweleza, akapiga ukelele.

"Kumbe bado wanalala mbalimbali? Mama mwenzangu! Nilisema mpaka tuje, nikijua tunakuja mwezi ule ule! Nani alijua watatunyima viza?"

"Hukuniambia nibadilishe," alijibu mama mkwe kwa unyonge.

"Nilidhani umeshaona mwenyewe!"

Nyuma yake nikamsikia baba yangu akifoka. "Nilisema mimi! Nilisema aolewe karibu, hata kwa miguu ningefika!"

"Nyamaza, baba watoto, watu wazima wanaongea!" Kisha sauti ya mama yangu ikashuka. "Mama mwenzangu, unanisikia?"

"Nakusikia. Naomba unitoe kwenye ahadi yangu."

"Nimekutoa. Nimekutoa kwa moyo mweupe. Mkabidhi wewe kwa niaba yangu."

Mama mkwe aliinuka, akavua mkanda wa presha, akafungua shada la funguo kiunoni akaliweka mezani. Halafu akashika kichwa cha kitanda changu cha dirishani.

"Wifi yako yuko wapi? Mwite. Shika huku miguuni."

"Mama, presha yako—"

"Presha itashuka kikiingia kule. Shika!"

Tulikuwa tumekwama katikati ya ukumbi, kitanda kimekaa upande, wifi yangu chini yake anapiga kelele kwamba amebanwa, mume wangu alipoingia. Alikuwa bado na ovaroli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekariri hotuba njia nzima. Alisimama wima, akavuta pumzi.

"Mama, nina neno nataka kusema. Nimelibeba siku nyingi, na leo—"

"Neno baadaye," alisema mama mkwe. "Njoo ushike huku. Dada yako anakufa."

Akashika. Alinitazama juu ya godoro, midomo bado imebeba lile neno, hana pa kuliweka. Nami nikaangalia pembeni. Sikuwa nimemsamehe. Mama yake alikuwa amemfanyia kazi yake, na lile neno nililolisubiri lilibaki halijasemwa.

Jioni mume wangu aliviunganisha vitanda viwili kwa bolti, akazikaza kwa spana yake ya kazini, akavitingisha kuona kama vinacheza. Havikucheza. Mama mkwe alileta mito miwili, akaitandika bega kwa bega, akatoka bila kusema kitu. Alipofika chumbani kwake akafunga mlango kwa nguvu ili tusikie kwamba umefungwa.

Tulipata siku mbili. Yaliyokuwemo ni yetu. Ila niseme hili: tuligombana pia, kwa kunong'ona, maana hata raha yenyewe nilikuwa naionea uchungu. Kila aliponikumbatia nilikuwa nawaza kwamba hii tungeipata tangu mwanzo, kama mtu angefungua mdomo.

"Utanisamehe?" aliniuliza alfajiri ya Ijumaa, wakati natia viatu sandukuni.

"Sijui."

"Niambie nifanye nini."

"Nikikuambia mimi, itakuwa nimesema mimi tena."

Mama mkwe aliingia bila hodi, kwa mara ya mwisho ya mazoea yake. Alitoa magauni matatu kutoka sandukuni mwangu, moja moja, akayatundika kwenye kabati kati ya ovaroli na tai ya harusi. Akachukua na kanga yangu ya kulalia, akaikunja chini ya mto.

"Hizi zinabaki," alisema. "Mwenye nguo anarudi." Halafu akanikabidhi mashine ya presha. "Na hii nenda nayo, maana mimi simruhusu mwingine anipime."

Nilimkumbatia nikamlowesha bega la gauni lake la kazi.

*

Uwanja wa ndege wasindikizaji huishia mlango wa nje. Mume wangu alinishika mpaka mlinzi akatusogeza kwa upole, kisha akarudi nyumbani kuvaa nguo za kazi. Mimi nikapanga foleni. Binti wa kwenye kibanda cha uhamiaji alifungua pasi yangu, akaangalia tarehe, akasema, "Umetoka siku yenyewe," akagonga mhuri.

Ndege ilichelewa. Nilikaa kwenye kiti cha chuma, mashine ya presha mapajani, natazama saa na kumchukia kila mtu aliyekuwa anacheka. Simu ikaita.

"Nimefika nyumbani," mume wangu alisema. "Niko chumbani. Mto wako unanukia mafuta yako ya nywele."

"Usinifanye nilie mbele za watu."

"Sindano, ningekuwa mwanaume kidogo tu siku ile—"

Nikasikia mlango unagongwa huko kwake. Mara tatu, kwa adabu. Kisha sauti ya mama mkwe ukumbini, "Karibu, baba, karibu. Leo hatuanzii jikoni." Na baada yake, wazi kabisa, chafya.

Nikasimama.

"Fundi, ni yeye?"

Nilisikia simu ikiwekwa mahali laini. Nyayo zikaingia. Kabati likafunguliwa, viango vya nguo vikagongana.

"Haya magauni yametoka wapi?" sauti ya afisa, mafua bado yamemkaba.

"Fungua vizuri, baba, usione haya," mama mkwe.

"Na vitanda vimeunganishwa."

"Kwa bolti. Tingisha."

Vikatingishwa. Kisha likaja lile swali, nami nikabana simu sikioni mpaka likauma.

"Bwana, upande huu analala nani?"

Nilisubiri kikohozi. Kwa Mungu nilikisubiri, nikakaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa. Hakikuja.

"Mke wangu," mume wangu alisema. Sauti yake ilikuwa ya juu, haikutetemeka, na najua hakumtazama mama yake. "Huyu ni mke wangu, na mahali pake ni hapa. Siku ile uliniuliza nikashindwa kukujibu. Kosa ni langu, si lake wala si la mama."

"Yuko wapi sasa?"

"Si mmemtoa asubuhi hii?" alidakia mama mkwe. "Ungekuja jana, baba, ungemkuta anatandika."

Kipaza sauti kikaita ndege yangu. Watu wakaanza kujipanga, wakanipita kulia na kushoto na mizigo yao. Nyuma yangu kulikuwa na kibanda, binti na mhuri wake, na mlango ambao mtu aliyegongewa mhuri harudi.

"Niko hapa!" nilipiga kelele kwenye simu, foleni nzima ikageuka kunitazama. "Fundi! Mwambie niko hapa, sijapanda!"

Lakini simu alikuwa ameilaza kitandani, upande wangu, na chumbani kule hakuna aliyenisikia.